Mkono Usiosikia Moto

Jina lile nilimpa mimi. Nianze na hilo, maana watu wa hapa Jhalda wameshasahau, na mie natamani kusahau siwezi. Mkono wa Jiwe. Nilimpa Gunadhar Kuiri jina hilo mbele ya kiwanda kizima, nimekaa pale pale ninapokaa leo, nasokota mfuko wangu, na watu wakacheka wakapiga makofi. Ningejua, ningejiuma ulimi.

Naitwa Malati. Kazi yangu ni kusokota. Kiwanda chetu kinatengeneza lakiri, ile inayotokana na wadudu wanaoganda kwenye vijiti vya miti ya palash huku kwetu Purulia. Tunafanya kazi watatu watatu kwa kila tanuru. Lakiri iliyopondwa hutiwa ndani ya mfuko wa nguo, mwembamba, mrefu kuliko chumba ninacholala. Ncha moja iko mbele ya moto kwa fundi wa tanuru, mzee Bishu, ambaye hafungui kinywa ila kutukana. Ncha ya pili ninayo mimi. Nasokota kidogo kidogo kama mtu anayekamua shuka, na lakiri iliyoyeyuka inatokeza kwenye kitambaa. Bishu anaikwangua, anaitandaza juu ya mtungi uliojaa maji ya moto mpaka inakuwa kama chapati nene. Hapo ndipo anapoingia mwenye kazi hasa, mnyooshaji. Anaibandua ingali moto, anaishika kwa mikono miwili, huku chini anaikanyaga kwa vidole vya miguu, huku juu anaiuma kwa meno, halafu anajinyoosha mbele ya tanuru polepole, na chapati inavutika ikawa karatasi ndefu kumpita yeye mwenyewe. Ikichanika ni hasara. Ikipoa kabla ya wakati ni hasara vilevile.

Mnyooshaji mgeni utamjua kwa malengelenge. Mwaka wa kwanza anakula wali kwa machozi, maana kila tonge linamchoma. Miaka ikienda ngozi inakuwa ngumu, moto anausikia kwa mbali, nasi tunasema, "Sasa mkono umekomaa." Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Hata mtu akija kuposa, wazee wanamwomba kiganja kwanza, wanakibonyeza kama wanaonunua embe.

Gunadhar alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana tunaitana shemeji. Mtu mfupi, masikio makubwa, mcheshi hana mfano. Alikuwa akiimba lakiri ikiwa mdomoni, kwa hiyo wimbo ulitoka bila maneno, mm-mm-mm, na bado ungecheka tu ukiusikia. Mkewe Sarathi alikuwa mpole, mtu wa kufunika kichwa na kunyamaza. Mtoto walikuwa naye mmoja tu, Parul, na baba yake alimpenda mpaka tukawa tunamsuta.

"Huyo ukimwoza utakufa," nilimwambia siku moja.

"Sifi, shemeji. Nitahamia kwao nikawe ng'ombe wao."

Sasa siku ya jina ilikuwa hivi. Ulikuwa mwezi wa joto, kabla ya mvua. Gunadhar alikuwa anatupa hadithi ya mjomba wake aliyekimbizwa na mbuzi, ameegemea mdomo wa tanuru kwa mkono wa kulia. Nikasikia harufu ya nyama. Nikadhani jirani wanachoma mbuzi, nikasema hata kwa mzaha, "Mjomba wako anachomwa huko, nasikia harufu yake." Bishu ndiye aliyeona. Akaruka akamvuta. Upande mzima wa kiganja, chini ya kidole kidogo, ulikuwa umebabuka, unatoa moshi. Na Gunadhar? Aliutazama mkono wake kama mtu aliyeonyeshwa mkono wa mwingine. Kisha akacheka.

"Loo! Wala sijasikia," akasema.

Wanyooshaji wa matanuru mengine wakaja mbio, wakamshika mkono, wakaugeuza huku na huku. Hakuna aliyesema "pole". Walisema, "Bwana we, huu ndio mkono!" Nami kwa mdomo wangu huu usiojua kufungwa nikapaza sauti, "Huyu si Gunadhar tena, huyu ni Mkono wa Jiwe!" Makofi. Jioni ile tajiri, mwenye kiwanda, akamhamishia tanuru la kwanza, lile la lakiri nzuri ya kupelekwa nje, na mimi na Bishu tukahamia pamoja naye. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikala wali wangu wa baridi na kitunguu na pilipili, nikalala usingizi mzuri.

Mvua za kwanza zilipoanza, akaja Jharna. Jharna ni dada wa afya wa mtaani kwetu, msichana mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Kila mwaka anazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, "Kuna mwenye baka? Kuna mwenye ganzi?" na kila nyumba inajibu hakuna, hata kabla hajamaliza kuuliza. Ukoma kwetu hautajwi kwa jina lake. Tunasema ugonjwa mkubwa, tena kwa sauti ndogo, na ukisema unatema mate. Mwaka ule akaamua kutufuata kazini.

Tulimcheka. Mie ndiye niliyeongoza kicheko, niseme ukweli. "Dada, sisi hapa sote mabaka matupu! Tuna mabaka ya lakiri, mabaka ya masizi, la Bishu liko rohoni!" Hata yeye akacheka. Lakini alikuwa anatazama huku anacheka, na macho yake yakatua juu ya kiwiko cha Gunadhar, kwenye doa jekundujekundu, kubwa kama jani la boga, ambalo sisi sote tulikuwa tunaliona kila siku na kuliita kovu la moto.

"Kaka, kaa hapa kidogo," akamwambia. Akatoa unyoya wa kuku mkobani. "Fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Gunadhar akakaa kwenye gunia, akafumba macho, akatabasamu ili tumwone alivyo mcheshi. Akamgusa shavuni. "Ndiyo." Akamgusa shingoni. "Ndiyo, na unanitekenya, mke wangu akija tutakosana." Watu wakacheka. Jharna akapitisha unyoya juu ya lile doa. Kimya. Akapitisha tena. Akateremka nao mpaka kiganjani, mpaka kidole kidogo, akakizungushia unyoya mara mbili. Gunadhar ametulia tu, tabasamu bado lipo.

"Haya, anza basi, dada," akasema. "Nina kazi."

Wenzetu walikuwa nyuma yake, hawakuona. Walicheka wakidhani ni mzaha wake. Mimi nilikuwa mbele yake, hatua mbili. Nilimwona Jharna akiurudisha unyoya mkobani. Mikono yangu ikasahau kusokota na Bishu akanitukania mama.

Jharna hakumwaibisha mbele ya watu. Alisema tu, "Asante, kaka," akaendelea na wengine. Lakini wakati wa kula alitufuata nyuma ya ghala la kuni, mimi na Gunadhar, maana Gunadhar aliniambia nisiondoke. Akambonyeza nyuma ya kiwiko, akanishika kidole na mimi akanibonyezesha. Kulikuwa na mshipa umevimba, mnene kama kamba ya kufungia ndoo.

"Ni ule ugonjwa," Jharna akasema. "Kaka, sikiliza. Si laana, si dhambi ya mtu. Ni vijidudu. Vinakaa kwenye ngozi na kwenye mishipa ya fahamu, vinaila taratibu. Kuna vidonge, bure, mwaka mmoja. Ukianza tu, humwambukizi mtu. Lakini mishipa ikishakufa, vidonge havifufui. Vidole hivi viwili vimeanza kulegea. Anza leo."

Hebu nikwambie alivyonaswa, maana watu wa mbali hupenda kusema, "Mjinga, si angemeza?" Parul alikuwa ameshaposwa. Mchumba ni mtu wa kijiji cha upande wa pili wa mto, mwalimu wa watoto wadogo, na harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa Falgun, miezi minane mbele. Nyumba yenye ugonjwa mkubwa haichukuliwi mwari. Ndugu wa mume hugeuzia njiani. Na vidonge vile havifichiki. Vingine vinafanya mkojo uwe mwekundu, na huku kwetu wanaume wanakojolea ukuta mmoja. Vingine vinamfanya mtu awe mweusi usoni, ngozi ikauke kama ya samaki, na kila mtu Purulia anajua weusi ule ni wa nini. Kila mwezi lazima Jharna amwone kwa macho akimeza vya kwanza. Tajiri akisikia, mtu anayeuma lakiri kwa meno hakai kiwandani hata saa moja. Na asipokuwa na kazi, harusi ataifanya na nini? Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Baada ya harusi," Gunadhar akasema. "Siku ya pili yake, dada, kabla sijanywa chai. Naapa."

"Miezi minane ni mingi, kaka."

"Nimekuwa nao miaka mingapi bila kujua? Utanisubiri."

Jharna akaniangalia mimi. Nami nikafungua mdomo kusema, hebu usiwe mpumbavu, wewe. Kabla neno halijatoka, Gunadhar alinishika mkono akaubandika juu ya utosi wake. Kiganja changu juu ya nywele zake, na mkono wake umeufunika. Kwetu hicho ndicho kiapo cha mwisho. Ukishawekwa mkono juu ya kichwa cha mtu, ukavunja, anayekufa si wewe, ni mwenye kichwa.

"Shemeji, ukisema kwa mtu yeyote, Sarathi, Parul, yeyote," akaniambia, "nife mimi."

Basi. Malati, mwanamke anayejulikana kwa mdomo kuanzia sokoni mpaka stesheni, nikafungwa domo kwa kichwa cha mtu.

Unajua kukaa na jambo tumboni kwa miezi minane? Kila asubuhi nilikuwa namtazama akija na chakula chake, mm-mm-mm, na mimi nahesabu vidole vyake. Jharna hakuchoka. Kila mwezi alipita kwangu, na chini ya maboga mkobani mna pakiti ya vidonge. "Mpe, mama. Labda leo." Nilimpelekea. Anaitazama, anairudisha. "Bado, shemeji." Nikaificha ndani ya mtungi wa mchele, na kila nikipika naiona.

Mara moja nilijaribu kumwibia. Nilivunja vidonge nikavitia kwenye chai yake, nikaongeza sukari na tangawizi tele. Chai ikawa nyekundu kama mate ya tambuu. Gunadhar akaichungulia, akanichungulia mimi, akaimwaga polepole chini.

"Shemeji, umeanza kupika damu?"

"Kunywa, mwanaharamu mkubwa wee!"

"Nikinywa hii, kesho nitakojoa ukutani na Bishu yuko pembeni yangu. Halafu?"

"Halafu utakuwa na vidole!"

"Vidole ni vyangu. Harusi ni ya Parul." Akacheka, akanigonga begani kwa ule mkono. Nilisikia kidole kidogo kimejikunja, hakikunigusa.

Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga wamesema. Lakini yeye alisikia. Alisikia vizuri sana kila neno, na ndiyo iliyonitia uchungu.

Baridi ilipoingia, kidole cha nne nacho kikafuata cha tano, vikajikunja kuelekea kiganjani. Kushika lakiri ikawa kazi. Akawa anatumia meno zaidi, na karatasi zikaanza kuchanika. Alikuwa anaunguza vidole bila kujua, kidonda juu ya kidonda, akavifunga kitambaa, akasema ni mtindo mpya. Wenzake wakaamini! Wawili wakafunga vitambaa na wao. Mie nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa wakati mmoja.

Tena siku moja tajiri akaja na mnunuzi kutoka mjini, mtu mwenye viatu vya kung'aa. "Huyu ndiye Mkono wa Jiwe wetu," akasema. Jina langu lile! "Gunadhar, hebu mwonyeshe bwana."

Gunadhar akautazama mtungi wa maji yanayochemka. Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, hapana, hapana. Akaweka kiganja chote juu ya mtungi, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na tano, akimtazama mnunuzi usoni kwa adabu. Mnunuzi akasema, "Ajabu!" Mie nilisokota mfuko mpaka ukapasuka, na lakiri ya tajiri ikamwagika kwenye majivu, na nilipotukanwa nilifurahi.

Falgun ikafika. Miti ya palash ikachanua, milima yote ikawa nyekundu. Harusi ilipangwa saa ya ng'ombe kurudi, vumbi bado liko juu, saa njema kuliko zote. Upande wa mume wakaja wengi, na ngoma. Miongoni mwao kulikuwa na mwanamke mmoja tuliyekuwa hatujamwona katika safari zote za posa, shangazi wa bwana harusi, Nirupama. Mweusi sana usoni, weusi wa kung'aa usio wa jua, amejifunika ukingo wa sari mpaka puani. Na mimi, mjuaji wa watu, nikamnong'oneza jirani yangu, "Huyu wamemsahau jikoni kwenye moshi." Hata hapo sikushtuka. Macho yangu yalikuwa kwa Gunadhar.

Kuna kitu tulikuwa hatujakifikiria, mimi wala yeye. Miezi minane tumefikiria mkojo, tumefikiria uso, tumefikiria tajiri. Baba wa binti ndiye anayekabidhi. Unawekwa mtungi wa shaba wenye maji na majani ya mwembe, mkono wa bwana harusi juu yake, mkono wa binti juu ya ule, na baba anaifunga mikono hiyo miwili kwa uzi, kwa vidole vyake mwenyewe, mbele ya watu wote. Fundo moja tu. Mtoto anaweza.

Kuhani akampa uzi. Gunadhar akauzungusha mara ya kwanza, sawa. Akajaribu kupitisha ncha chini. Uzi ukaanguka. Hakusikia kama umeanguka, akaendelea kufunga hewa. Watu wachache wakacheka kwa upole, baba ana uchungu. Kuhani akauokota. Akajaribu tena, vidole vile viwili vimejikunja vinazuia njia. Ukaanguka. Mara ya tatu nilimwona Parul akiinua macho chini ya taji lake la harusi. Akatazama mkono wa baba yake. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Sarathi akaweka kiganja mdomoni. Mtu mmoja nyuma upande wa mume akaanza kusema, "Huyu mzee mkono wake—"

Hakumaliza. Yule shangazi mweusi alikuwa ameshasimama. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti karibu na mtungi, akatupa ukingo wa sari yake juu ya mikono yote, ya bwana harusi, ya Parul na ya Gunadhar, hakuna aliyeona kitu. "Kwetu shangazi anafunga pamoja na baba," akasema kwa sauti ya amri. "Mlikuwa hamjui? Basi jueni." Alipoondoa nguo, fundo lilikuwapo. Ngoma zikapigwa. Harusi ikapita.

Nilimfuata nyuma ya banda la kupikia. Gunadhar alikuwa pale amechuchumaa, mikono kaificha kwapani. Shangazi Nirupama akasimama mbele yake.

"Mwezi wa ngapi?" akamuuliza.

"Wa ngapi wa nini, dada?"

"Mkwe, usinifanye mtoto. Vidonge. Mwezi wa ngapi?"

Gunadhar akanigeukia, uso umemshuka. Akadhani nimesema. Nikaapa kwa macho.

"Sijaanza," akasema.

"Hujaanza!" Shangazi akajifunua uso wote. Ule weusi. Mungu wangu, nikauona sasa, nikaona haya ya yale niliyonong'ona. "Mimi wa tisa. Mtoto wa ndugu yangu ndiye anayenipa kwa mkono wake kila asubuhi, huyo mwalimu wenu. Kila mlipokuja kwetu walinifungia kwenye chumba cha majani ya ng'ombe, wanasema, watu wa Jhalda wakijua watavunja posa. Nilikaa mle nikisikia mnavyocheka. Na wewe ulikuwa unacheka kuliko wote."

Gunadhar akafungua mdomo. Nilidhani atasema jambo la mzaha, maana ndivyo alivyo. Akatoa mikono kwapani akaitazama. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima, siku ya harusi ya bintiye, na waliopita wakasema masikini, anamlilia mtoto.

Kesho yake kabla ya chai Jharna alikuwa mlangoni. Gunadhar akameza. Akameza mwaka mzima, hakukosa hata siku moja, akakojoa mwekundu ukutani na asemwe. Tajiri alimfukuza wiki ya pili. Jharna anasema amepona kabisa, hana hata kijidudu kimoja. Ni kweli. Lakini mkono wa kulia vidole vinne vimejikunja moja kwa moja, na wa kushoto umefuata nusu njia. Anachunga mbuzi wa watu. Anakula kwa kijiko, na watu wakija anakaa na njaa mpaka waondoke, maana anaona aibu ya kijiko.

Parul alipokuja kwao mara ya kwanza, alinikuta kisimani.

"Mama mkubwa, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema uongo. "Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Akaweka ndoo chini. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. "Mume ningemsubiri," akasema. "Mwaka mmoja tu. Hata miwili. Hakuna aliyeniuliza." Akajitwisha ndoo akaenda kumlisha baba yake.

Mimi bado nasokota. Bishu bado anatukana. Mnyooshaji wetu sasa anaitwa Shibu, mtu wa makamo, ana watoto watatu. Wiki iliyopita alishika chapati ya lakiri ikiwa mbichi na moto, kabla hata Bishu hajaiachia, akatucheka sisi tulioshtuka.

"Mkono umekomaa, mama!" akaniambia. "Siusikii moto kabisa."

Wenzake wakaanza kupiga makofi. Nikaachia mfuko. Lakiri ikaungua, Bishu akapiga kelele, tajiri akatoka ofisini. Nikamkalisha Shibu kwenye gunia, nikatoa unyoya ninaouweka kwenye nywele zangu tangu harusi ile.

"Fumba macho. Nikikugusa sema ndiyo."

"Mama Malati, tajiri anatuangalia."

"Fumba!"

Akafumba. Nilimgusa kiganja, kidole kidogo, kisha juu mpaka kwenye kiwiko. Nikarudia. Watu walikuwa wanacheka.

"Haya," Shibu akasema, "anza basi."

Nikamwambia nimekwisha maliza. Akafumbua macho, akautazama unyoya, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa, kwa sababu alianza kuhesabu, ada ya shule, mkewe, kodi, kila mlango wake. Aliangalia kama tajiri anasikia. Kisha akanyoosha mkono wake ule, aushike wangu auweke juu ya kichwa chake.

Nikauficha wangu mgongoni, nikapaza sauti wamwite Jharna.